Kwa Nini Bei ya Petroli ni Moja Kila Kituo?

Mkulima anayepeleka nyanya Soko la Kariakoo hanunui dizeli, lakini huilipia kila safari. Dereva wa lori akisema, "Mzee, mafuta yamepanda, ongeza kidogo," mkulima huongeza. Atafanyaje, na nyanya zinaoza?

Ndugu msomaji, ukifika Dar es Salaam na kutembea kutoka Fire, ukashika Mtaa wa Msimbazi mpaka Kamata, tazama vibao vya bei kwenye vituo vya mafuta. Majina ni mbalimbali na rangi ni mbalimbali, lakini bei karibu ni ile ile. Watu huuliza: je, hawa matajiri wamekaa pamoja wakapatana kutukamua?

Swali hili tusilijibu haraka. Tuanze melini.

Mpaka mwaka 2000, mafuta yaliagizwa na shirika la umma, yaani TPDC. Baada ya hapo biashara ikawa huria, na kila kampuni ikaagiza kwa njia yake. Mwaka 2009, EWURA, chombo cha Serikali kinachosimamia nishati na maji, ilianza kutangaza bei kikomo. Miaka michache baadaye ukaja utaratibu wa kuagiza kwa pamoja. Kampuni hushindana kwa zabuni. Anayetaka malipo madogo zaidi ndiye anayeleta meli, kisha mzigo hugawanywa kwa wote. Kwa hiyo petroli ya kituo hiki na ya kituo cha jirani huenda zilisafiri katika meli moja, na zilinunuliwa kwa bei moja. Chungu ni kimoja, sahani ndizo mbalimbali.

Halafu kodi na tozo ni sawa kwa wote. Hata faida ya mwenye kituo imo ndani ya hesabu ya EWURA. Basi bei kufanana, peke yake, si ushahidi wa njama.

Lakini hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Kikomo maana yake ni mwisho wa juu. Ni dari, si sakafu. Kituo hakiruhusiwi kuuza juu ya bei hiyo, lakini kuuza chini yake kidogo kinaruhusiwa. Tuchukue mfano. Kikomo kikiwa Sh. 3,000/= kwa lita, na kituo kimoja kikauza Sh. 2,980/=, lori linalojaza lita 200 litaokoa Sh. 4,000/=. Si fedha nyingi, lakini dereva wa daladala au bajaji anayejaza kila siku angeihisi.

Mbona basi hawapunguzi? Sisi tunaona sababu mbili. Kwanza, mwenye kituo anaweza kupunguza katika faida yake tu, na faida hiyo ni nyembamba. Pili, katikati ya mji hana haja. Vituo ni vichache, magari yamebanana, na dereva aliyekwama kwenye foleni hawezi kugeuza gari akafuate shilingi ishirini Ilala. Hapo dari imegeuka kuwa bei yenyewe. Sheria haikuvunjwa, lakini huo ni ushindani wa kulala usingizi.

Njama ni kitu kingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza wafanyabiashara kupatana bei. Inakataza pia kupatana kuzuia bidhaa isiuzwe, na hilo ndilo watu wa Dar es Salaam wanalolikumbuka zaidi. Mwanzoni mwa Agosti 2011, EWURA ilishusha bei ya petroli mjini hapo kutoka kama Sh. 2,200/= mpaka kama Sh. 2,000/= kwa lita. Mara vituo vingi vikafunga. Magari yakapanga foleni, na wenye madumu wakauza kwa bei waliyotaka. Bungeni Dodoma ikawa kelele. EWURA iliamuru kampuni ziuze, kisha BP ikafungiwa leseni kwa miezi mitatu, ingawa Serikali yenyewe ilikuwa na nusu ya hisa katika kampuni hiyo. Bei kushuka, mafuta yakatoweka! Mtu akiona hivyo ana haki ya kushuku.

Wengine husema kikomo kiondolewe, kama Uganda. Kule kila kituo hujipangia bei, na kweli bei hutofautiana. Lakini Januari 2022, malori yalipokwama mpakani kwa ajili ya vipimo vya Uviko, bei ilipaa na dari haikuwepo ya kuizuia. Sisi tungechagua dari, ila yenye macho.

Tena kuna ushindani usioonekana kwenye kibao: kipimo. Kijana wa bodaboda anayenunua mafuta ya Sh. 2,000/= haoni lita, huona namba zinakimbia. Pampu ikiiba kidogo katika kila lita, hata bei ya chini ni ghali. Wakala wa Vipimo ndio wanaokagua pampu. Kabla hujajaziwa, hakikisha namba zimeanza sifuri, na dai risiti.

Sasa turudi kwa mkulima wetu. EWURA hutangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, tena kwa kila wilaya, maana usafiri kutoka bandarini huongezwa humo. Kwa simu ya kawaida bonyeza *152*00# ufuate maelekezo. Andika bei ya dizeli kwenye daftari lako kila mwezi. Siku dereva akisema mafuta yamepanda, fungua daftari, mwulize yamepanda shilingi ngapi, na safari inakula lita ngapi. Kisha zidisheni pamoja, ndipo mgawane kwa idadi ya matenga yaliyomo garini.