Ile Nusu Imetoka Wapi?

Katika masuali yote ambayo mwanafunzi wa sekondari humwendea nayo mtu aliyemtangulia kwa elimu, sidhani kama liko lenye haki zaidi ya kujibiwa, na linalonyimwa haki hiyo mara nyingi zaidi, kuliko hili la kanuni ya vitu viangukavyo, isemayo kwamba umbali ni sawa na nusu ya g mara mraba wa wakati, yaani s = ½gt². Kanuni yenyewe keshaihifadhi, na akipewa tarakimu huzitia mahali pake na jawabu likatoka sahihi. Walakini moyo wake hautulii, kwa kuwa haoni ile nusu imetoka wapi, naye akiuliza aghalabu huambiwa kwamba ndivyo ilivyo kitabuni na kwamba mtihani hautamtaka asili yake. Jawabu hilo, japokuwa hutolewa na watu wema waliochoka, mimi nalihesabu kuwa ni dhuluma. Na dhuluma hiyo humlemea zaidi kijana wa Tanzania aliyesoma hisabati kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, kisha fizikia ya sekondari ikamjia kwa Kiingereza, akawa anahifadhi kwa pamoja lugha asiyoimiliki na herufi asizozifahamu.

Basi na tuichukue nazi iliyokomaa, iangukayo yenyewe kutoka kileleni mwa mnazi wenye urefu wa mita 20 hivi. Katika lahadha ya kukatika haina mwendo wowote. Lakini ardhi huivuta bila kukoma, na kila sekunde ipitayo huiongezea mwendo wa mita 9.8 kwa sekunde, na hiyo ndiyo maana ya herufi g. Baada ya sekunde 1 nazi huwa na mwendo wa mita 9.8 kwa sekunde, na baada ya sekunde 2 huwa na mita 19.6 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa gari liendalo kilomita 70 kwa saa. Hapa mwanafunzi hufanya jambo ambalo akili yoyote nzuri ingelifanya: huuchukua mwendo huo wa 19.6, akauzidisha kwa sekunde 2, akapata mita 39.2, ilhali mnazi wenyewe haukufika hata 21. Kosa liko wapi? Ni kwamba nazi haikuwa na mwendo wa 19.6 safari nzima, bali iliupata mwishoni tu. Ilianza na sifuri, ikapanda kwa kadiri moja bila kuruka wala kusita, na kitu kinachopanda hivyo kutoka sifuri wastani wake huwa ni nusu ya kile kilichofikia. Wastani ni 9.8, ukizidisha kwa sekunde 2 ni mita 19.6, na mnazi umepimika. Nusu ile, kwa hiyo, ni wastani wa mwendo, wala haina asili nyingine.

Anayependa kuona kwa macho na achore. Mstari wa chini uwe wakati, mstari wa wima uwe mwendo, na mwendo unaokua kwa kadiri moja utakuwa mshazari utokao pembeni. Eneo lililo chini ya mshazari huo ndilo umbali, nalo ni pembetatu yenye kitako t na kimo gt, na kila aliyemaliza shule ya msingi ajua kwamba eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo. Mchoro wa namna hii aliuchora Nicole Oresme, mwanachuoni wa Ufaransa, katikati ya karne ya 14, baada ya maulamaa wa chuo cha Merton, Oxford, kuieleza hoja ya wastani kwa maneno matupu.

Galileo naye, aliyeitia hoja hiyo katika habari za vitu viangukavyo, hakuiandika kamwe kwa herufi hizi zinazomtisha mwanafunzi wetu. Kitabu chake kilipigwa chapa Leiden mwaka 1638, akiwa mzee wa miaka 74 aliyefungiwa nyumbani kwake Arcetri kwa hukumu ya kanisa, na ndani yake mna mistari na maneno ya uwiano tu. Alieleza kwamba alichukua boriti ya dhiraa 12, akaichonga mfereji, akaiinamisha, akabingirisha tufe la shaba na kuupima wakati kwa uzito wa maji yaliyochuruzika chomboni. Akaona kwamba robo ya urefu huchukua nusu ya wakati, na kwamba masafa ya vipindi vilivyo sawa hufuatana kama namba witiri. Msomaji aweza kulihakiki jambo hilo kwa nazi yetu: sekunde ya kwanza hushuka mita 4.9, ya pili 14.7, na lau mnazi ungalikuwa mrefu zaidi, ya tatu ingekuwa 24.5, ambazo ni moja, tatu na tano za ile 4.9. Jumlisha witiri hizo, utapata moja, nne, tisa. Na huo ndio mraba wa wakati, ambao nao mwanafunzi alikuwa ameambiwa auhifadhi.

Lililonifanya niipende kanuni hii ni kwamba nusu yake haikai peke yake. Nguvu isiyobadilika ikisukuma kitu kilichokuwa kimetulia, kazi yake ni nguvu mara umbali, na umbali huo tayari una nusu ndani yake. Ndiyo maana nishati ya mwendo ni ½mv², m ikiwa ni masi ya kitu na v mwendo wake. Springi nayo ikivutwa kwa urefu x, nguvu huanza na sifuri ikapanda kwa kadiri moja mpaka kx, k ikiwa ni ugumu wa springi, wastani wake ukawa nusu, na nishati iliyohifadhiwa ikawa ½kx². Kanuni tatu, ambazo daftarini hukaa kurasa mbalimbali kama kwamba hazijuani, zote ni pembetatu ile ile.

Kanuni ina mipaka yake pia, na mwanafunzi aonyeshwe mipaka hiyo mapema. Unyoya hauitii, kwa sababu hewa huuzuia. Lakini mwaka 1971 mwanaanga David Scott aliangusha nyundo na unyoya mwezini, ambako hakuna hewa, na viwili hivyo vikatua pamoja, kwa g ya mita 1.6 tu kwa sekunde kila sekunde.

Nawasihi walimu, na kaka na dada waliokwisha kuvuka vidato hivi, wasimrudishe kijana ajaye na suali hili. Na watafute ubao wa mita 2 wenye mfereji, wauinue upande mmoja kiasi cha vidole vitatu, waweke alama kwenye sentimita 10, 40, 90 na 160, kisha waiachilie gololi huku kijana akipiga makofi kwa vipindi sawa, aone mwenyewe gololi ikipita alama kila baada ya takriban sekunde 1. Halafu wamwachie chaki, achore pembetatu na kuiandika kanuni kwa mkono wake.