Hita ya Umeme: Jambo la Kupimwa Kabla ya Kutoa Fedha

Ndugu zetu wa mashamba na viwanda vya chai huko Kericho, Limuru, Mufindi na Njombe hawana haja ya kuelezwa baridi ya Juni na Julai. Mtu anarudi kutoka kazini nguo zimelowa, watoto wanatetemeka, na desturi ni kuingiza jiko la makaa chumbani na kufunga mlango. Desturi hiyo inaua. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hupoteza fahamu kabla hajajua lolote. Kwa mwenye umeme nyumbani hita ni afadhali sana, lakini inunuliwe kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Hita ya wati 1,000 ikiwaka saa moja mfululizo inakula uniti 1. Ya wati 2,000, saa 3 kila usiku, ni uniti 6. Kwa siku 30 ni uniti 180. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa, kisha ulinganishe na mshahara. Aliye katika kundi la watumiaji wadogo wenye nafuu ya bei aangalie asivuke kiwango chake.

Muuza duka atakuambia hita yake inatoa joto maradufu kwa umeme uleule. Usimsadiki. Hita zote za waya wa moto hugeuza karibu umeme wote kuwa joto, ya bei ghali na ya bei rahisi sawasawa. Tofauti iko katika namna ya kulitoa joto hilo. Yenye feni hupasha chumba upesi, nacho hupoa upesi ikizimwa. Ya nyaya nyekundu humpasha aliyekaa mbele yake tu, na nguo ikiigusa hushika moto. Ya mafuta ndani huchelewa, lakini hubaki na joto baada ya kuzimwa, nayo haina waya mwekundu ulio wazi. Kwa chumba cha kulala watoto, sisi tungechagua hii ya mafuta, yenye thamostati ya kujizima joto likitosha.

Chumba cha mita 3 kwa 3 kwa kawaida chatosha wati 1,000, mradi kina dari. Pasipo dari joto lote linaishia kwenye mabati, na hapo fedha ya hita kubwa ni heri inunue mbao za dari.

Sasa nyaya. Wati 2,000 kwa volti 230 huvuta karibu ampea 9. Waya mwembamba wa ekstensheni hauwezi mzigo huo. Chomeka hita kwenye soketi ya ukutani peke yake, na plagi ikichemka, zima. Nyumba nyingi za kambi zimeungana chini ya paa moja: moto wa chumba kimoja ni moto wa safu nzima. Kwa hiyo mjumbe wa tawi amtake mwajiri alete fundi wa kukagua nyaya kabla baridi haijaanza, maana nyumba ni yake.

Ukiwa dukani, mwambie muuzaji aiwashe, kisha aiinamishe kidogo kama inayoanguka. Isipojizima yenyewe, mrudishie.