Koltani ya Rubaya: lebo kwenye gunia, uamuzi ng'ambo ya bahari

Gunia la koltani linapotoka kwenye mgodi, kinacholipa thamani si uzito peke yake. Ni lebo ndogo ya plastiki iliyofungwa mdomoni mwake, yenye namba isiyofanana na nyingine. Bila namba hiyo, gunia ni la magendo na bei yake inashuka.

Huko Rubaya, wilaya ya Masisi, kama kilomita 60 kutoka Goma, maelfu ya wachimbaji wanaishi kwa biashara hiyo. Koltani hutoa tantali, madini yanayotumika kwenye simu na kompyuta. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanakadiria kwamba Rubaya hutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima.

Mfumo wa lebo, unaojulikana kama ITSCI, ulianza kazi nchini Congo mwaka 2010, mwaka uleule Marekani ilipopitisha sheria ya kuzitaka kampuni zake kueleza asili ya madini zinayotumia. Mtumishi wa serikali anapima gunia mgodini, anafunga lebo na kuandika namba daftarini. Gunia likifika kwenye nyumba za kununua madini, linapimwa tena na kupewa lebo ya pili. Taarifa hizo huingizwa kwenye kompyuta ili mnunuzi wa mbali aone gunia limetoka wapi na kupitia kwa nani.

Udhaifu unaanzia palepale mgodini. Kompyuta haioni shimo, inasoma tu kile mtu alichoandika. Lebo ikiuzwa kichinichini, au ikifungwa kwenye gunia la mgodi mwingine, namba inabaki safi ingawa mzigo si safi. Oktoba 2022, muungano wa kampuni zinazosimamia ununuzi wa madini duniani, RMI, uliiondoa ITSCI kwenye orodha ya mifumo unayoitambua.

Taasisi ya jiolojia ya Ujerumani, BGR, imetengeneza njia nyingine: kuchunguza chembe za madini katika maabara na kuzilinganisha na sampuli za migodi inayojulikana. Njia hiyo inaweza kufichua udanganyifu, lakini haiwezi kupima kila gunia, na inahitaji sampuli za kweli kutoka kila mgodi.

Baada ya waasi wa M23 kuiteka Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, barabara ya koltani ilibadilika. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Desemba 2024 ilisema waasi hao wanakusanya angalau dola 800,000 kila mwezi kwa kutoza kodi biashara hiyo, na kwamba angalau tani 150 zilivushwa kwenda Rwanda na kuchanganywa na madini ya huko. Rwanda inakanusha tuhuma hizo.

Wenye maamuzi nao wakachukua hatua. Mnamo Desemba 2024, baada ya Congo kufungua mashtaka Ufaransa na Ubelgiji dhidi ya matawi ya Apple, kampuni hiyo ilisema imeshawaagiza wauzaji wake waache kununua bati, tantali, tungsteni na dhahabu kutoka Congo na Rwanda. Februari 2025, wiki chache baada ya Goma kuanguka, serikali ya Kinshasa iliweka migodi ya Masisi katika rangi nyekundu, yaani madini yake hayaruhusiwi kuuzwa.

Kwa mnunuzi aliye mbali, kujitoa ndiyo njia rahisi ya kuondoa hatari kwenye vitabu vyake. Kwa mchimbaji, hakuna kinachojitoa: njaa ya watoto iko palepale, na anayenunua bila lebo ndiye anayepanga bei.

Kivu iliwahi kupita njia hiyo. Septemba 2010, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema hadi Machi 2011. Wachimbaji walipoteza kipato, lakini magendo hayakukoma.

Ndiyo maana lebo bora zaidi au programu mpya haitatosha peke yake. Namba itakuwa na maana pale anayeiandika mgodini atakapolindwa, atakapolipwa mshahara wake, na atakapoweza kukataa gunia bila kuogopa mwenye bunduki.