Doa Jeupe Kwenye Jino Si Tundu

Wengi wetu humwendea daktari wa meno baada ya kukesha na maumivu, na wakati huo mara nyingi kilichobaki ni kung'oa. Inasikitisha, kwa sababu kuoza hakuanzi na maumivu. Huanza na doa jeupe lisilong'aa, aghalabu karibu na fizi. Bakteria wamekula sukari na kutoa asidi, nayo imenyonya kalsiamu na fosfati kutoka kwenye enameli, lile tabaka gumu la nje. Jino bado halijatoboka. Mate yana madini hayohayo na huyarudisha, hasa yakisaidiwa na floridi. Kuchimba doa la hatua hii ni hasara, maana enameli haioti tena.

Tiba ipi basi? Mwongozo uliotolewa mwaka 2018 na chama cha madaktari wa meno cha Marekani unaangalia kwanza doa liko wapi. Kwenye mifereji ya magego, zibo jembamba la plastiki pamoja na vanishi ya floridi ya asilimia 5 ndiyo njia inayopendekezwa. Katikati ya meno, ambako mswaki haufiki, hupakwa vanishi, au hupenyezwa rezini nyepesi ndani ya doa na kugandishwa kwa mwanga. Mizizi iliyoachwa wazi na fizi zilizoshuka, tatizo kubwa la wazee, hulindwa kwa dawa ya meno yenye floridi sehemu 5,000 kwa milioni, zaidi ya mara tatu ya dawa ya kawaida.

Na jino likishatoboka? Kuna dawa ya maji yenye madini ya fedha na floridi, hupakwa mara mbili kwa mwaka bila sindano wala umeme. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Kasoro yake ni kwamba sehemu iliyooza hugeuka nyeusi kabisa. Kwa jino la mbele nisingeishauri. Kwa gego la nyuma, heri jeusi kuliko pengo. Pia kuna kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa saruji inayotoa floridi, njia iliyoanzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980.

Usisubiri maumivu. Ukikalia kiti cha daktari, muulize kabla hajawasha mashine: limetoboka, au ni doa tu?