Mkono Unaojua: Kumkanda Punda, Farasi na Ng'ombe Wako

Mada: afya ya wanyama wa kazi
Sauti: mtangazaji mmoja

(Muziki wa kufungua kipindi, sekunde 10, kisha unashuka)

 

Leo tunazungumza juu ya mnyama anayekufanyia kazi. Ukiwa Turkana au Karamoja, huenda ni punda anayekuletea maji. Ukiwa Masisi, Isingiro au Rutana, huenda ni ng'ombe anayewapa watoto maziwa. Familia nyingi zilizokimbia vita au ukame zimebaki na mnyama mmoja tu. Siku akichechemea, mama anarudi kubeba maji kichwani, mtoto anaacha shule kumsaidia, na kuni za kuuza hazifiki sokoni.

Swali letu ni hili: mnyama huyo akirudi jioni amechoka na misuli yake imekaza, je, unaweza kumsaidia kwa mikono mitupu? Jibu ni ndiyo, ukijifunza. Na sehemu kubwa ya kujifunza ni kujua lini umkande na lini usimguse kabisa.

(Muziki mfupi)

KAZI HII IMETOKA WAPI

Watu wamewasugua na kuwakanda wanyama wao tangu zamani, lakini kuifanya kuwa kazi ya kusomewa ni jambo la juzijuzi. Katika miaka ya 1970, Mmarekani Jack Meagher, aliyekuwa akiwakanda wanamichezo, alianza kutumia ujuzi uleule kwa farasi wa mashindano. Linda Tellington-Jones, mzaliwa wa Kanada, naye alitengeneza njia ya kumgusa mnyama kwa vidole vinavyozunguka polepole juu ya ngozi, na watu wameitumia kwa farasi, mbwa na wanyama wengine.

Leo ziko shule za kazi hii Ulaya na Marekani. Mwanafunzi huanza na mifupa na misuli, kisha hujifunza kumtazama mnyama akitembea, na baadaye ndipo hufundishwa kukanda. Uingereza sheria ni kali: mnyama mgonjwa au aliyeumia hatibiwi kwa njia hizi bila daktari wa mifugo kuhusika. Wewe hutafuti cheti wala kazi ya mashindano. Lakini utaratibu huo ni mzuri na unakufaa: jua mwili kwanza, mtazame mnyama, halafu mguse.

UJUE MWILI WA MNYAMA WAKO

Shika bega lako. Hapo mbele, chini ya shingo, kuna mfupa wa mtulinga unaounganisha bega na kifua. Punda na farasi hawana mfupa huo. Miguu yao ya mbele imeshikwa na kiwiliwili kwa misuli na kano tu, na miguu hiyo ya mbele ndiyo inayobeba zaidi ya nusu ya uzito wa mwili, karibu asilimia 60. Ndiyo maana mnyama wa mzigo au wa mkokoteni huchoka kwanza mabegani, kifuani na pale shingo inapokutana na mgongo.

Kisha kuna misuli miwili mirefu ya mgongo, mmoja kila upande wa uti. Tandiko likikaa vibaya, misuli hii ndiyo inayobanwa. Mwisho ni misuli mikubwa ya kiuno na mapaja ya nyuma, inayomsukuma mnyama kwenda mbele.

Kwa wiki moja, usikande chochote. Kila jioni pitisha kiganja kilichonyooka juu ya mwili wote, kuanzia shingoni hadi kwenye paja, upande wa kushoto na wa kulia. Tafuta joto, uvimbe, ugumu na vidonda. Linganisha pande mbili. Baada ya siku saba mkono wako utajua hali yake ya kawaida, na siku mambo yakibadilika utagundua mapema, kabla hajaanza kuchechemea.

Kwa punda jambo hili ni muhimu zaidi, kwa sababu punda huficha maumivu. Farasi anaweza kujitupa chini na kugaagaa tumbo likimuuma, lakini punda mwenye maumivu yaleyale huenda akasimama tu kimya, kichwa chini, asile. Wengi husema amekuwa mvivu. Na mapigo ya moyo nayo yana habari: weka vidole kwenye mshipa unaopita upande wa ndani wa taya la chini. Moyo wa punda mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 36 na 52 kwa dakika.

(Muziki mfupi)

NAMNA YA KUMKANDA

Chagua wakati ametulia, amekunywa maji na mwili umepoa. Mfunge kwa kamba ambayo unaweza kuifungua haraka, au mtu anayemfahamu amshike. Msemeshe kabla ya kumgusa. Simama ubavuni, usisimame nyuma yake. Vua pete na saa.

Kwanza, mpapase. Tumia kiganja kizima, polepole, kufuata manyoya, kuanzia shingoni kwenda begani, mgongoni na kiunoni. Fanya hivyo kwa dakika mbili au tatu kila upande. Mkono mmoja ukiwa kazini, mwingine ubaki juu ya mwili wake, ili ajue uko wapi.

Pili, kanda. Weka sehemu ya chini ya kiganja juu ya msuli mnene wa shingo, bega au paja. Sukuma taratibu ukihesabu hadi tatu, legeza, sogea kidogo, rudia. Nguvu itoke kwenye uzito wa mwili wako, isitoke kwenye vidole. Usikande juu ya mfupa, na usiguse uti wa mgongo wenyewe; fanya kazi pembeni yake.

Tatu, ukikuta mahali pagumu kama kifundo, usipigane napo. Zungusha vidole vitatu juu yake polepole, kwa uzito mdogo, kwa nusu dakika. Kisha papasa tena na uendelee. Miguuni papasa tu kutoka chini kwenda juu, kuelekea moyo, maana chini ya goti hakuna nyama ya kukanda, kuna kano na mifupa.

Dakika 15 hadi 20 zinatosha.

Naye atakujibu. Kichwa kikishuka, mdomo wa chini ukilegea, macho yakifumba nusu, akatafuna bila chakula au akapiga miayo, endelea. Masikio yakilala nyuma, mkia ukipigapiga, ngozi ikiruka au akihama, punguza nguvu au acha. Tunasema fadhila ya punda ni mateke. Lakini kabla ya kumlaumu, jiulize mkono wako ulikuwa wapi alipopiga teke. Mara nyingi alikuwa anakuonyesha panapouma.

LINI USIMGUSE

Hapa naomba uongeze sauti ya redio, kwa sababu makosa ya hapa yanaua.

Usikande juu ya kidonda, jipu, uvimbe wenye moto, au mahali palipoumia leo au jana. Jeraha jipya la mguu, kama hakuna kidonda, limwagie maji baridi kwa dakika 15, na umpumzishe. Usikande tumbo la mnyama mwenye mimba. Usimkande mwenye homa.

Ogopa ukakamavu unaofanana na uchovu. Wa kwanza ni pepopunda, na jina lenyewe lina onyo: punda na farasi hushikwa nao kwa urahisi sana, hata kwa kidonda kidogo cha msumari kwatoni. Anatembea kama ubao, mkia umeinuka, taya linakaza, na ukipiga makofi anashtuka mwili mzima. Ukimkanda utamzidishia mikazo. Mweke mahali penye giza na kimya, na mtafute daktari wa mifugo, au veterineri kama wengi wenu mnavyomwita, saa hiyohiyo.

Wa pili huwapata hasa farasi waliopumzishwa siku kadhaa huku wakilishwa nafaka nyingi, kisha wakarudishwa kazini ghafla. Wafuga farasi wa zamani Ulaya waliuita ugonjwa wa Jumatatu asubuhi, kwa sababu farasi walipumzika Jumapili. Misuli ya kiuno inakuwa migumu kama jiwe, jasho linamtoka, na mkojo unaweza kuwa na rangi ya kahawa. Huyo usimkande na usimtembeze. Mwache asimame hapohapo, mpe maji, ita daktari.

Na kuna magonjwa yanayokupata wewe. Mnyama aliyebadilika tabia ghafla, anayetoa mate na kushindwa kumeza, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Aliyekufa ghafla huku damu ikimtoka puani au nyuma anaweza kuwa na kimeta. Usimguse wala usimchune. Ng'ombe, mbuzi au kondoo wengi wakiharibu mimba kwa wakati mmoja, fikiria homa ya Bonde la Ufa, iliyozuka Burundi na Rwanda mwaka 2022. Katika hali hizi zote, kaa mbali na toa taarifa.

(Muziki mfupi)

MZIGO KWANZA, MKONO BAADAYE

Methali yetu nyingine husema punda afe, mzigo wa bwana ufike. Kwa familia yenye punda mmoja, hesabu hiyo ni ya hasara. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba punda asibebe mgongoni zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Punda wa kilo 150 basi abebe kilo 50. Jerikeni moja la lita 20 likijaa lina kilo 20 za maji. Mawili ni kilo 40, sawa. Manne ni kilo 80, na hakuna mkono wa kukanda utakaorekebisha hapo.

Gawanya uzito sawa pande mbili. Chini ya tandiko weka kitu laini na kinene, kama gunia lililojazwa majani makavu, pande zote mbili za uti, ukiacha nafasi katikati ili mfupa usiguswe. Kamba nyembamba hukata. Tumia mkanda mpana. Ukikuta ugumu uleule mahali palepale kila jioni, usikande tu. Chunguza tandiko.

NG'OMBE WA MAZIWA

Wewe unayekamua umekuwa mkandaji siku zote. Ukiosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, ukakikausha kwa kitambaa safi na kukisugua taratibu, ubongo wa ng'ombe hutoa homoni ya oksitosini, na baada ya dakika moja hivi maziwa hushuka. Nguvu ya homoni hiyo hupita baada ya dakika chache, kwa hiyo kamua bila kusitasita. Ukimpiga au kumtisha, mwili hutoa homoni ya hofu na maziwa yanazuiliwa. Hasara ni yako.

Mkono huohuo ukutahadharishe. Robo moja ya kiwele ikiwa ngumu na ya moto, na maziwa ya kwanza yana mabonge au damu, huo ni ugonjwa wa kiwele. Robo hiyo ikamuliwe mwisho, katika chombo chake, maziwa yasinywewe, mikono ioshwe kwa sabuni, na daktari aitwe. Kukanda peke yake hakuui vijidudu.

KUMBUKA

Jua hali ya kawaida ya mnyama wako kwa kumpapasa kila jioni. Kanda nyama, usikande mfupa. Fuata majibu yake. Ukikuta moto, kidonda, homa au ukakamavu wa mwili mzima, acha na uite daktari wa mifugo au mhudumu wa afya ya mifugo wa jamii. Na upunguze mzigo.

Mwulize mhudumu wa karibu nawe akuonyeshe misuli juu ya mnyama aliye hai. Saa moja naye itakufaa kuliko maneno yetu mengi. Na leo jioni, kabla hujamfungia punda wako, anza na kiganja kimoja shingoni.

 Mwambie na jirani asiye na redio. Hadi kipindi kijacho, kaa salama, wewe na mifugo yako.

(Muziki wa kufunga kipindi)