Mzazi, usisubiri darasa la kwanza ndipo umfungulie mtoto kitabu

Wiki mbili zilizopita nilimpeleka mpwa wangu kliniki kupimwa uzito. Foleni ilikuwa ndefu, nikatoa kijitabu cha picha za wanyama kwenye mkoba nikaanza kumwonyesha. Mama aliyekaa pembeni yangu, muuza vitumbua mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu, akacheka: "Dada, huyo naye anasoma nini?"

Tulipoendelea kuzungumza, akanieleza kinachomnyima raha. Yeye aliishia darasa la nne. Mtoto wake mkubwa yuko darasa la tatu na bado anasoma kwa kubahatisha. Hana fedha ya tuisheni, na anaona aibu kukaa naye na daftari kwa sababu yeye mwenyewe maneno marefu humshinda. Kwa huyu mdogo, alisema, anasubiri tu aanze shule.

Wazazi wengi wako kama mama huyu. Tunadhani kusoma ni kazi ya mwalimu, na kwamba mzazi asiye na elimu wala fedha hana cha kuchangia. Kuna mpango ulioanzia hospitalini unaoonyesha kuwa sivyo.

Vitabu vilivyotoweka hospitalini

Mwaka 1989, katika Hospitali ya Boston City nchini Marekani, iliyohudumia familia nyingi za kipato cha chini, madaktari wa watoto Barry Zuckerman na Robert Needlman, wakishirikiana na mwalimu Kathleen Fitzgerald Rice, walianzisha mpango uitwao Reach Out and Read. Kabla ya hapo, vitabu vya watoto vilivyowekwa mahali pa kusubiria vilikuwa vikitoweka. Badala ya kulalamika kuwa vinaibwa, walielewa jambo moja: wazazi wanavitaka, ila nyumbani hawana.

Wakaamua kuvigawa. Hadi afikishe miaka mitano, kila mtoto anapoletwa kupimwa, daktari humpa kitabu kipya cha kwenda nacho nyumbani. Daktari huangalia mtoto anavyokishika, anavyonyoosha kidole kwenye picha na maneno anayotamka. Hapo hapo humwonyesha mzazi namna ya kukitumia. Mtoto huanza shule akiwa na vitabu kadhaa vya kwake. Leo mpango huo uko katika majimbo yote ya Marekani, na tafiti zimeonyesha kuwa wazazi wanaopewa vitabu kwa njia hiyo huwasomea watoto wao mara nyingi zaidi.

Siri yake ni kukipeleka kitabu mahali ambapo familia tayari huenda. Hata hapa Afrika Mashariki wazo hilo si geni. Mwaka 1996, huduma ya maktaba ya taifa ya Kenya ilianza kuwabebesha ngamia masanduku ya vitabu katika eneo la Garissa, ili viwafikie watoto wa wafugaji wanaohamahama. Kwetu sisi, mzazi ambaye hajawahi kuingia maktaba hata siku moja ana kadi ya kliniki ya mtoto wake.

Picha zinatosha kuanzia

Mtoto mdogo hahitaji mzazi anayesoma kwa ufasaha. Anahitaji sauti anayoijua, mapaja ya kukalia na mtu wa kumtajia vitu. Maneno anayoyasikia sasa ndiyo atakayoyatambua atakapoyakuta yameandikwa shuleni.

Miezi sita: Atakishika kitabu na kukitia mdomoni. Huo si utundu, ndivyo anavyojifunza. Tafuta chenye kurasa ngumu.

Mwaka mmoja: Ataonyesha picha kwa kidole. Mtajie jina la kitu, kisha umsubiri ajaribu kutamka.

Miaka miwili: Atataka hadithi ileile kila siku. Usichoke, kurudia kunamjenga.

Miaka mitatu na kuendelea: Muulize, "Halafu ikawaje?" Mwache akusimulie yeye.

Kama huna fedha ya kitabu, kata picha kwenye magazeti ya zamani na maboksi ya sabuni au majani ya chai, zibandike kwenye karatasi ngumu, kisha zishone pamoja kwa uzi.

Simu yako pia inasaidia. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi nyingi za watoto za bure, zikiwamo za Kiswahili. Ila kuwa mwangalifu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Shirika hilo hilo linahimiza mtoto anapokuwa ametulia asomewe au asimuliwe hadithi. Kwa hiyo isome wewe kwanza, weka simu pembeni, kisha msimulie kwa mdomo.

Na yule wa darasa la tatu? Mpe kazi ya kumsomea mdogo wake. Vitabu vya wadogo vina maneno machache na mafupi, na mdogo hamcheki akikosea. Atafanya mazoezi bila kujiona amerudishwa nyuma.

Jina la mpwa wangu lilipoitwa, nilimwachia yule mama kijitabu. Nikiwa kwenye mizani nikamsikia akisema, "Ng'ombe. Ng'ombe analiaje?" Mtoto akajibu kwa sauti iliyowageuza watu wote kwenye foleni. Mama yule hakuwa amesoma neno hata moja.

Siku yako ijayo ya kliniki, weka na kitabu kwenye mkoba, pamoja na kadi.