Kabla hujamuuzia mtu taa za gari ya zamani, soma hapa

Leo naongea na wenzangu tunaouza spea mtandaoni.

Mwaka jana mteja wa Arusha aliniandikia anataka taa za mbele za Volkswagen Beetle ya 1964. Anaifufua gari ya marehemu baba yake, anataka iwe kama ilivyokuwa. Nikazunguka Gerezani siku mbili, nikapata jozi safi, vioo havina ufa, pete za kromu zinang'aa. Nikampigia picha, akalipa, nikatuma kwa basi. Kesho yake simu: hazikai. Nikarudisha hela yote, na nauli ya mzigo kwenda na kurudi ikawa juu yangu. Mteja hakukosea, mimi ndiye niliyejiita muuzaji.

Kumbe Beetle za zamani taa zake zimelala, kioo kinafuata mteremko wa madigadi. Kuanzia modeli ya 1968 taa zikasimama wima na madigadi yakabadilika (zilizouzwa Marekani zilitangulia mwaka mmoja). Hata ulazimishe vipi, haziingii.

Siku hizi sianzi kutafuta bila namba ya chesi. Kwenye Beetle imegongwa chini ya kiti cha nyuma. Kuanzia modeli ya 1965, tarakimu ya tatu inakuonyesha mwaka: ikianza 118, hiyo ni modeli ya 1968. Na mwaka wa kiwanda ulianza Agosti, kwa hiyo gari iliyotengenezwa Oktoba 1967 ni ya 1968 tayari. Uliza na volti. Nyingi za zamani ni volti 6. Ukimpa balbu ya 12 itawaka kama mshumaa.

Halafu kuna hili ambalo wengi hatuliangalii kabisa: upande wa barabara. Taa iliyotoka Ujerumani imetengenezwa kwa watu wanaopita kulia, kwa hiyo ukiwasha taa ndogo, mwanga unapanda kulia. Kwetu tunapita kushoto, mwanga huo unaingia moja kwa moja machoni mwa anayekuja mbele yako. Hapo tumeshatoka kwenye urembo, mtu anaweza kufa. Tafuta mshale kwenye kioo: ukiitazama taa kwa mbele, mshale ukielekea mkono wako wa kulia, ni ya nchi za kushoto kama yetu. Kama kioo ni cha zamani na hakina alama, washa ukiielekeza ukutani uone mwanga unapanda wapi. Ukiona kioo laini kisicho na mistari, huenda imetoka kwenye gari ya Marekani.

Kwenye tangazo piga picha maandishi ya kioo, Hella au Bosch, piga na nyuma penye kutu. Kama ni nakala mpya, andika nakala. Wanaofufua magari, wengi wao kwa nilivyowaona, wanapenda ya asili yenye mkwaruzo kuliko nakala inayong'aa.

Yule wa Arusha nilimpatia jozi yake baada ya wiki tano, kwa fundi mmoja mzee wa Moshi aliyekuwa ameziweka kwenye gunia. Picha ya kwanza niliyomtumia ilikuwa ya mkwaruzo.

Zile za wima nilikaa nazo miezi minne, mpaka akatokea mwenye Beetle ya 1971. Nikamwomba namba ya chesi kwanza. Akacheka, lakini akatuma.